Moyo wa Seifu Umepoteza Njia

Chunyu, Ruangwa
12 Novemba 1979

Mdogo wangu Kaimu,

Nakusalimu wewe, mkeo na watoto, na mafundi wenzako wa karakana. Sisi huku tunasalimu kwa sauti ndogo. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kile kisomo cha watu wazima ulichokuwa unanicheka, "dada unakwenda kusoma a e i o u na meno yameanza kung'oka," leo kimenifaa, maana maneno haya sikutaka yapitie kwa mwandishi mwingine.

Kaimu, shemeji yako hayupo tena. Mzee Hasani alifariki Alhamisi, tukamzika Ijumaa kabla ya sala. Ni homa ile ile ya matumbo iliyomwangusha Seifu. Walikuwa pamoja kule shamba la korosho, visima vimekauka, wakanywa maji ya shimo. Seifu tulimpakia kwenye lori la ushirika Jumatatu aje kwako hospitali. Nikasema nitamfuata kesho yake, baba yake nimwache na wifi zangu. Kesho yake Mzee hakuweza kuinua kichwa. Basi nikabaki. Sasa mimi ni mtu wa eda, nimevikwa kaniki, nimekalishwa chumbani, mpaka miezi minne na siku zake iishe sitoki uani. Mwanangu yuko mahututi Nachingwea na mimi nimefungwa na mlango usio na kufuli.

Wewe ndiye mjomba mtu. Kwetu mtoto ni wa mjomba kuliko baba, hilo sikufundishi. Nakukabidhi. Ila nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya ya mama mmoja: Seifu asiambiwe. Hata ukilia, nenda kalie kiwandani kwako kwenye maranda, uso uoshe, ndipo urudi wodini. Dereva Andrea nimemwapisha.

Nijibu upesi. Andrea anarudi na mzigo kila akipata dizeli, na dizeli unajua mambo yake.

Mimi dada yako,
Mwanasha


Nachingwea
20 Novemba 1979

Dada Mwanasha,

Pole. Sina neno jingine. Nilikwenda kulia kwenye maranda kama ulivyosema, mafundi wakadhani nimekatwa na msumeno. Shemeji alikuwa mtu wangu. Mungu ampe kivuli.

Wifi yako anakusalimu na anakuletea kanga na sabuni nusu mche, ndiyo iliyopatikana.

Sasa ya Seifu. Dada, keti kwanza. Alifika Jumatatu jioni, Jumanne wakampasua. Utumbo ulikuwa umetoboka, uchafu umemwagika ndani. Wameosha, wameshona. Yuko chumba cha mahututi, vitanda vinne karibu na meza ya nesi, ana dripu mkononi na mpira puani, na mtungi wa hewa wanampa kwa zamu na bibi mmoja mwenye nimonia.

Nilidhani tumbo ndilo la kuogopa. Baadaye likaja lingine. Moyo. Nesi Valeria alishika mkono wake kuhesabu mapigo, akahesabu, akaacha, akahesabu tena, akaenda kumwita daktari. Wakaleta mashine yenye nyaya, ikachora mistari kwenye karatasi. Daktari alinionyesha: milima haifuatani. Mitatu imesongamana, kisha pengo, kisha mmoja, kisha minne. Unakwenda mbio na haujui unakokwenda. Anasema moyo wenyewe hauna kidonda. Ni sumu ya tumbo, homa, kiu, na chumvi ya damu iliyopungua, vyote vimeupiga pamoja ukapoteza njia. Kwa wagonjwa waliolala pale, anasema, hutokea.

Lakini anauliza, nami sijui kumjibu: je, utotoni Seifu alipata kuvimba viungo, au kuchoka akikimbia, au moyo kumwenda hivi? Maana ukiwa ni ugonjwa wa zamani ni jambo moja, ukiwa umeanza hapa kitandani ni jambo lingine. Ukiwa umeanza hapa, sumu ikiisha huenda ukarudi wenyewe.

Hajaambiwa. Mwenyewe hazungumzi sana, anaweweseka.

Mdogo wako,
Kaimu


Chunyu
27 Novemba 1979

Kaimu mdogo wangu,

Barua yako ilifika jana, nimeisoma mara nne, ya kwanza kwa herufi, hizo nyingine kwa machozi. Salamu kwa wifi, kanga nimepokea, nitaivaa nikitoka. Wajukuu wa wifi yangu mkubwa, dada yake Mzee, wana surua lakini wanaendelea. Mbaazi zinakomaa, nyani wanakula, hakuna wa kulinda.

Mwambie daktari hivi, na umwambie ni mama anayesema, siyo jirani. Seifu hajapata kuvimba kiungo hata kimoja. Alipokuwa darasa la tano alikimbia kutoka hapa mpaka Namungo kutazama mpira na kurudi, akaja kuniomba kiporo. Akiwa jandoni alicheza ngoma mpaka wenzake wakalala. Nimelala naye kifua kwa kifua miaka mitatu, moyo wake naujua kuliko wangu. Ulikuwa kama mtu anayetwanga peke yake, pu, pu, pu, hana haraka. Hayo unayoniandikia ni kama kinu kimoja wanatwanga watu watatu wasiojuana, kila mmoja anaingiza mchi wake, inagongana. Hicho si cha kwake. Kimemkuta huko.

Sasa nikuulize, na unijibu. Ulianza siku gani?

Usinizungushe. Umeandika Jumatatu alifika, umeandika Jumanne alipasuliwa. Ya moyo umeandika "baadaye." Wewe ni fundi, unapima ubao mpaka unywele. Hii baadaye ni siku gani? Kwa sababu mimi nalala hapa chini kwenye mkeka nawaza jambo moja. Baba yake alikata roho Alhamisi baada ya adhuhuri. Mtoto na baba wamekunywa shimo moja. Kama moyo wa Seifu uliruka saa ile, basi unajua, hata kama kichwa hakijui. Na kama unajua, mimi nafanya nini na siri hii?

Akimuulizia baba yake, mwambie anamsalimu. Mwambie amesema asihangaike na korosho, atazikusanya yeye.

Mungu anisamehe.

Mwanasha


Nachingwea
9 Desemba 1979

Dada,

Nimechelewa. Lori lilikaa Ruponda siku nyingi, ekseli imevunjika, na Andrea alikaa nalo kama mtu anayeuguza ng'ombe. Watoto wazima. Wifi yako anasema mpaka leo hujamshukuru kwa sabuni.

Nina habari ya kukutuliza. Homa imeshuka. Uji anameza vijiko. Wanampa kidonge kidogo cha moyo, kidogo kama kichwa cha njiti, na kila mara kabla ya kumpa, Valeria anashika mkono wake, anatazama saa dakika nzima. Mapigo yakiwa machache mno, kidonge hakitolewi siku hiyo, maana nacho kikizidi kinaua. Namtania, "Sista, unamshika mwanangu mkono kila siku, mahari unalipa lini?" Akasema, "Mjomba, nipe kwanza mapigo yanayofuatana, ndipo tuongee ng'ombe." Seifu alicheka! Kilikuwa kicheko cha kushika mshono, lakini alicheka.

Na siku mbili hizi moyo umetulia. Umerudi wenyewe, asubuhi, wakati wa kubadilisha shuka. Wamemhamishia wodi ya kawaida. Daktari anasema tusishangilie sana, uliopotea njia mara moja unaweza kupotea tena.

Alikuulizia. Nikamweleza una kazi za shamba. Akamuulizia baba yake. Nikamwambia Mzee analinda mbaazi nyani wasimalize. Akasema, "Baba? Na goti lile?" Nikasema goti limepona. Akasema, "Haya."

Ni hayo tu kwa leo. Mafundi wananiita.

Kaimu


Chunyu
17 Desemba 1979

Kaimu,

Nimemshukuru Mungu mpaka paji la uso linauma. Mwambie Valeria ng'ombe sina, lakini jogoo yupo. Mwambie wifi nashukuru kwa sabuni, nilisahau, kichwa changu si kichwa.

Ile siku niliyokuuliza hukunijibu. Nimeona. Nimeiacha.

Lakini liko lingine na halingoji. Kesho kutwa ni kisomo cha arobaini. Watoto wote wa marehemu wameshanyolewa, wakubwa na wadogo, hata yule aliyeolewa Ruponda alikuja akanyolewa. Amebaki Seifu. Wifi yangu mkubwa amekuja kukaa mlangoni kwangu, anasema, "Mwanasha, nywele za msiba ziko juu ya kichwa cha mgonjwa. Unashangaa nini moyo wake kuhangaika? Kifo kinamtafuta, kinamjulia kwa nywele." Nikamwambia Seifu hajui. Akasema, "Wembe hauulizi kama unajua."

Nimebishana naye mpaka koo limekauka. Shehe Mbaruku hana habari na mambo hayo ya nywele, nayo hayamo katika dini, najua. Lakini Kaimu, mimi niko hapa chini, simwoni mwanangu, simshiki, simpikii. Kila kitu cha kumfanyia wanafanya wengine. Hili moja ndilo wameniambia linaweza kutoka kwangu. Nikilikataa na akifa, nitakaa na nani?

Mnyoe. Wewe ndiye mjomba, mkono ni wako. Mwambie ni joto, mwambie ni chawa wa hospitali, mwambie daktari kasema. Nywele zifunge kwenye karatasi umpe Andrea.

Usiponijibu nitajua umefanya.

Dada yako


Chunyu
6 Januari 1980

Kaimu,

Salamu sina. Mvua imeanza, nyumba ya kuku imeanguka, hayo ndiyo ya nyumbani.

Andrea alikuja mwaka mpya. Alinipa karatasi yenye nywele, barua hakuna. Nikamwuliza Seifu yukoje, akatazama tairi. Mtu mzima na ndevu zake anatazama tairi! Nikamwambia, "Andrea, mimi nimezaa watoto saba nimezika watatu, sema." Akasema, "Mama, mimi nabeba korosho, sibebi maneno."

Kaimu, umenyamaza kwa nini? Nywele nimezishika. Laini, kama alivyozaliwa nazo. Nimezificha chini ya mkeka, wifi yangu mkubwa hajaziona, sijampa, naogopa kuzizika. Nikizizika ni kama nimezika kitu cha kwake kabla ya siku yake.

Umerudi ule moyo? Umemwambia? Amekufa na mnaogopa kuniambia kwa sababu bado niko edani? Niandikie hata neno moja. Niandikie hata uongo, nitaujua tu.

Nimeamua. Nakuja. Wanawake hapa wameshika vichwa, wanasema mjane anayetoka kabla ya siku zake anamlalia mumewe kaburini asipumzike. Basi nitamlalia. Hasani alinijua miaka thelathini, hatashangaa. Yeye ameshafika alikokuwa anakwenda. Aliye njiani ni huyu.

Mwambie Seifu nakuja. La kumwambia kuhusu hizi nguo nitakazokuja nazo, sijui. Nisaidie.

Mwanasha


Nachingwea
11 Januari 1980

Dada Mwanasha,

Yu hai. Naanza na hilo ili ukae.

Sikuandika kwa sababu nilishika kalamu na mkono ukakataa. Sasa nitakuandikia kila kitu, hata kile ulichouliza nikakwepa.

Nilimnyoa siku uliyosema, mchana, nje ya wodi kwenye benchi. Nikamwambia ni chawa. Nilipomaliza upande mmoja, yeye mwenyewe aligeuza kichwa akanipa upande wa pili. Hakuuliza kitu. Tangu hapo hakuuliza tena habari za baba yake. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikadhani amesahau.

Siku ya tatu yake homa ikapanda. Moyo ukapoteza njia tena, vibaya kuliko mwanzo, midomo ikawa ya bluu. Wakamrudisha mahututi. Nikakaa chini ukutani nikasema, Kaimu, umemwua kwa wembe. Nikamwendea daktari, nikamwambia yote, kuanzia Mzee mpaka chawa. Aliniacha niseme. Kisha akanivuta kitandani, akanionyesha pembeni mwa mshono, usaha ulikuwa umejificha ndani. Akasema, "Fundi, usaha huu ndio ulioutoa moyo njiani. Tutautoa." Wamefungua, wametoa kikombe kizima. Je, ni usaha peke yake? Mimi ni fundi wa mbao. Nimekueleza alivyosema.

Na ile siku uliyouliza. Ilikuwa Alhamisi, mchana. Hatukujua lolote, barua yako haijaja. Daktari anasema siku ya pili, ya tatu baada ya kupasuliwa ndizo siku zake, amewaona wengi ambao baba zao wako hai wanauza karanga getini. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaamini lingine. Sasa amini utakavyo.

Barua yako ya Januari nimeipata jana. Nikaenda nayo wodini, Valeria ameshika mkono wake anahesabu mapigo. Nikainama nikasema, "Seifu, mama yako anakuja." Alikuwa amefumba macho. Akasema polepole, na mpira uko puani:

"Asije, mjomba. Eda yake haijaisha."

Valeria akapoteza hesabu. Akanitazama, akatazama saa, akaanza upya.

Nikamwuliza, umejua lini? Akasema, "Mjomba hanyoi mtu kwa chawa." Akasema baba yake asingelinda mbaazi na goti lile. Akasema alinyamaza kwa sababu aliona tunavyojitahidi, na hakutaka mama asikie huko aliko kwamba ameshajua, asije akahangaika akavunja siku zake.

Dada, tulikuwa watatu, kila mmoja ameuficha msiba ule ule chini ya nguo yake.

Mapigo bado hayafuatani. Ni machache kuliko juzi, ndilo la afadhali. Uji anaukataa, anasema hauna maana. Daktari anasema dawa amempa zote alizonazo, sasa anataka mgonjwa naye asaidie. Mimi sijui kumlazimisha. Nimejaribu ukali, nimejaribu kumtania. Anageukia ukuta.

Andika wewe.

Kaimu


Ruangwa
19 Januari 1980

Kaimu mdogo wangu,

Barua yako imenikuta natoka. Nilikwenda kwa Shehe Mbaruku nimejifunika, nikasimama mbali, nikamwambia nataka kutenda dhambi nataka nijue ukubwa wake. Nikamweleza. Akasema, "Mwanamke, muda wote huu una swali hilo mdomoni na mimi naishi hatua mia kutoka kwako? Mwenye dharura ya mtoto haulizwi. Nenda, kaa kwa ndugu yako, eda yako uikamilishe huko." Kumbe! Wanawake wote wale, na mimi nikiwa wa kwanza, hakuna aliyemwuliza. Nimelia njia nzima kwa hasira.

Lakini sasa niko hapa kwenye ghala la ushirika, mvua imekata barabara, lori la Andrea liko ng'ambo na mimi niko huku. Wanasema siku tatu, nne. Kuna kijana wa posta anavuka na baiskeli begani, ndiye ninayempa hii. Mimi nikipata hata trekta nitapanda.

Haya yaliyobaki usiyasome kimya. Msomee Seifu. Mwombe Valeria akae hapo, amshike mkono.

Seifu mwanangu,

Hujambo baba. Nakuja, usinikataze, shehe ameruhusu.

Hukuambiwa na mtu, basi mimi nakuambia. Baba yako alifariki Alhamisi, mchana, nyumbani, kichwa chake kikiwa mapajani pangu. Shahada alitamka. Aliyemwosha ni shehe, sanda ilikuwa nzima, haikuungwa. Amelala karibu na mama yake, upande wa mkorosho mkubwa. Nimekuficha kwa sababu niliogopa moyo wako. Wala sikukuficha kwa sababu wewe si mtu mzima.

Na liko moja ambalo hata mjomba wako halijui. Asubuhi ile ya Alhamisi baba yako alifumbua macho, akaniuliza, "Seifu?" Sikuwa na habari yako yoyote. Lori halijarudi. Nikamwambia, "Seifu amepona. Andrea amekuja amesema. Anakula uji, anamsumbua nesi." Akasema, "Basi." Hakusema neno jingine la dunia baada ya hilo, ni shahada tu.

Alikwenda nalo, mwanangu. Yuko nalo mpaka sasa.

Uji ukiletwa, kunywa. Kidogo kidogo, hata kama hauna maana. Usiniache niwe mwongo kwa baba yako.

Mama yako,
Mwanasha